Tangazo Si Shahidi: Namna ya Kupima Matangazo ya Biashara ya Mtandaoni

Malengo ya somo

Mlaji atakayelisoma somo hili hadi mwisho ataweza:

(a) kueleza namna tangazo la mtandaoni linavyomfikia;
(b) kutofautisha kushawishi, kurubuni na kutapeli;
(c) kulipima tangazo kabla ya kutoa fedha;
(d) kujua pa kwenda iwapo amedhulumiwa.

1. Utangulizi

Zamani si nyingi, mkazi wa Mbeya aliyehitaji bidhaa alikwenda Mwanjelwa, na mkazi wa Iringa alikwenda Soko Kuu. Huko alimwona muuzaji kwa macho yake, aliishika bidhaa kwa mkono wake, na bei ilipomshinda alivuka barabara akauliza duka la pili. Akidanganywa, alijua mahali pa kurudi.

Siku hizi sehemu kubwa ya soko imehamia kiganjani. Mkulima wa Rungwe huona tangazo la miche ya parachichi akiwa amepumzika shambani. Mwalimu wa Mafinga huona tangazo la mkopo wa papo kwa papo tarehe 20, mshahara ukiwa umekwisha. Mama lishe wa Ipogolo huona tangazo la dawa inayodaiwa kuponya kisukari kwa siku saba. Wote watatu hawamwoni muuzaji. Lakini mtandao uliowaletea tangazo, kama tutakavyoeleza, unajua mengi juu yao.

Swali wanalojiuliza walaji wengi ni hili: je, matangazo ya mtandaoni ni ya kuaminika, au ni hila tupu? Jibu letu ni kwamba tangazo ni msemaji wa upande mmoja. Katika baraza la kata msemaji wa upande mmoja husikilizwa kwa heshima, naye huenda anasema kweli. Lakini hukumu haitolewi mpaka mashahidi wapatikane. Kosa linalowagharimu wengi ni kumchukua msemaji kuwa ndiye shahidi. Somo hili linahusu namna ya kuwatafuta mashahidi nje ya tangazo lenyewe.

2. Tangazo linavyomfikia mlaji

Kampuni zinazomiliki mitandao ya kijamii hazimtozi mlaji ada ya kutazama picha na kusoma habari. Mapato yao hutoka kwa watangazaji. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata takriban dola za Marekani bilioni 135, na zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitokana na matangazo. Kwa maneno mengine, kinachouzwa katika mitandao hiyo ni muda na macho ya mlaji.

Uuzaji huo hufanyika kwa mnada. Kila mlaji anapofungua ukurasa, mitambo hupambanisha matangazo mengi kwa muda usiofika kufumba na kufumbua. Mshindi hapatikani kwa ubora wa bidhaa yake. Hupatikana kwa kuangalia kiasi alicho tayari kulipa, na uwezekano wa mlaji huyo kulibofya tangazo lake. Mtangazaji kwa upande wake huweza kuelekeza tangazo lionekane kwa watu wa eneo fulani, wenye umri fulani na wenye kupendelea mambo fulani: kwa mfano, watu wanaoishi kuzunguka mji wa Iringa, wa miaka 25 hadi 40, wanaofuatilia habari za kilimo.

Kutokana na utaratibu huo, mambo matatu yanafuata.

Kwanza, kuonekana kwa tangazo katika mtandao mkubwa hakuthibitishi kuwa limekaguliwa. Kunathibitisha kwamba nafasi imelipiwa. Novemba 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba nyaraka za ndani za Meta zilikadiria kuwa takriban asilimia 10 ya mapato ya kampuni hiyo ya mwaka 2024 yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Kampuni ilijibu kwamba makadirio hayo yalikuwa ya juu juu na yalijumlisha mengi mno, na kwamba inayaondoa matangazo ya namna hiyo kwa wingi. Hata tukilipa jibu hilo uzito wake wote, funzo kwa mlaji linabaki pale pale: jina kubwa la mtandao si dhamana ya muuzaji aliyemo ndani yake.

Pili, tangazo hulingana na hali ya mlaji. Aliyetafuta habari za madeni huletewa mikopo, na aliyesoma juu ya maradhi huletewa dawa. Wengi hudhani kwamba simu imewasikia wakizungumza, au kwamba ni bahati njema. Si bahati. Tangazo limemfikia kwa sababu alama alizoziacha mtandaoni zimeonyesha anachokihitaji. Na mtu mwenye shida ndiye mwepesi zaidi kuamini.

Tatu, tangazo la simuni halina hadhara. Bango lililosimama kando ya barabara kuu pale Uyole huonwa na kila mtu: mteja, mshindani, mkaguzi na mwandishi wa habari. Likisema uongo, wapo wengi wa kuukanusha. Tangazo la simuni huonwa na waliochaguliwa tu. Majirani wawili walioketi benchi moja huletewa matangazo tofauti, na hakuna anayejua mwenzake ameambiwa nini. Kwa hiyo ile kinga ya zamani, ya mtu kusikia wengine wakinong'ona kwamba "huyo jihadharini naye", imepungua nguvu.

3. Kushawishi, kurubuni na kutapeli

Kiswahili kimetupatia maneno matatu ambayo yakitumiwa kwa uangalifu yanamwondolea mlaji utata. Tuchukue mfano wa bidhaa moja, sola ya nyumbani.

*Kushawishi* ni kumpa mtu sababu za kununua. Tangazo husema: "Sola hii huwasha taa nne na kuchaji simu. Dhamana ni mwaka mmoja. Duka letu lipo Kabwe, Mbeya." Muuzaji anaisifia bidhaa yake, na hiyo ni haki yake. Kila alilolisema linaweza kupimwa.

*Kurubuni* ni kumfanya mtu aamue kabla hajafikiri. Tangazo husema: "Zimebaki tatu tu! Watu 57 wanaitazama sasa! Ofa inaisha baada ya dakika kumi!" Sola ipo, na pengine itafika. Lakini tangazo halikumwambia mlaji lolote juu ya sola. Limemwambia juu ya haraka. Muuzaji hakushughulika na akili ya mnunuzi, ameshughulika na hofu yake.

*Kutapeli* ni kuchukua fedha ya mtu kwa uongo. Sola haipo, duka halipo, na namba ya simu itazimwa jioni.

Sheria humkabili tapeli kwa ukali, na humbana pia mfanyabiashara anayetoa maelezo ya uongo. Ugumu upo katika lile la kati. Tangazo linaloruburi mara nyingi halina sentensi moja ambayo mtu anaweza kuinyoshea kidole na kusema huu ni uongo. Maneno ni ya kweli, ila yamepangwa yamsukume mtu. Hapa ulinzi wa kwanza ni utulivu wa mlaji mwenyewe, na ndiyo maana sehemu inayofuata inazieleza mbinu hizo moja moja. Mbinu ikishajulikana, hupungukiwa na nguvu.

4. Mbinu za kurubuni

Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti wa Uingereza, Harry Brignull, alianza kukusanya na kuzipa majina hila zinazotumiwa na tovuti na programu kumfanya mtu atende asichokusudia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichunguza kwa kompyuta tovuti 11,000 hivi za maduka ya mtandaoni, wakakuta hila za aina hiyo 1,818. Baadhi ya saa za "ofa inaisha" zilionyesha muda unaoyoyoma, kisha muda ulipofika sifuri ofa iliendelea kama kawaida.

Hizi ndizo mbinu anazokutana nazo zaidi mlaji wa kwetu:

*Haraka.* Saa inayohesabu kurudi nyuma, au maneno "leo tu". Jiulize: duka litakalofungua kesho kwa nini likatae fedha yangu kesho?

*Uchache.* "Nafasi mbili zimebaki." Uchache wa kweli upo, hasa kwa mazao ya msimu. Lakini uchache ambao huwezi kuuhakiki usiutumie kama sababu.

*Umati.* Picha za miamala ya simu, sauti za watu wanaoshukuru, maoni mia mbili yenye maneno yanayofanana. Picha ya muamala hutengenezwa kwa dakika chache, na maoni hununuliwa.

*Sura maarufu.* Msanii au mchekeshaji anayeisifia bidhaa huwa amelipwa. Hilo si kosa, ila sifa hiyo ni ya kulipiwa. Zaidi ya hayo, sasa kompyuta huweza kutengeneza video bandia yenye sura na sauti ya kiongozi wa nchi au wa dini akipendekeza uwekezaji asioujua kabisa.

*Bei inayokua.* Tangazo huonyesha bei ndogo. Mlaji akishajaza jina, namba na anwani, huongezwa ada ya usafiri, ada ya huduma na kodi. Kwa kuwa amekwisha kutumia muda wake, huona uzito kurudi nyuma.

*Mlango wa kuingia mpana, wa kutokea mwembamba.* Kujiunga na huduma ya ujumbe ni kubofya mara moja. Kujiondoa ni kutafuta maelekezo yaliyofichwa, huku salio likikatwa kila siku.

5. Mifano kutoka Nyanda za Juu Kusini

*Miche ya parachichi.* Zao la parachichi aina ya Hass limeenea Rungwe, Njombe, Mufindi na Kilolo, na matangazo ya miche yameenea pamoja nalo. Tuchukulie mkulima ana ekari moja. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, atahitaji miche 80 hivi. Kitalu cha jirani kinauza mche mmoja shilingi 5,000, jumla 400,000. Tangazo la mtandaoni linauza shilingi 2,500, jumla 200,000, na kuletewa hadi stendi. Ni dhahiri kwamba macho yatavutwa na ile laki mbili inayookolewa.

Lakini mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mkulima aliyepewa mche uliooteshwa kwa kokwa tu atasubiri zaidi ya hapo, na matunda atakayopata hayatakuwa Hass anayoitaka mnunuzi wa nje. Udanganyifu wa siku moja hugunduliwa baada ya miaka mitatu au zaidi, muuzaji akiwa amekwisha kubadili namba mara kadhaa. Hasara hapo si laki nne wala laki mbili, ni misimu ya shamba zima.

Wengine husema: tazama kovu la kiungo kwenye shina, ukiliona, mche ni mzuri. Ushauri huo ni nusu ya kweli. Kovu huonyesha kwamba mche umebebeshwa. Halionyeshi kikonyo kilichobebeshwa kilitoka mti gani. Shahidi wa kweli ni kitalu kinachojulikana, chenye miti mama unayoweza kuonyeshwa, na wakulima waliokwisha kuvuna kutokana na miche yake. Ofisa ugani wa kata, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania katika kituo cha Uyole, waulizwe kabla ya kulipa.

*Shamba la miti.* Wakazi wa mijini, na Watanzania walioko nje ya nchi, huona matangazo ya mashamba ya misonobari Mufindi, Kilolo na Njombe. Picha ni za kupendeza. Tatizo ni kwamba msonobari wa picha hauna jina la mwenyewe. Picha iliyopigwa katika Shamba la Miti la Serikali la Sao Hill yaweza kutumiwa na muuzaji yeyote kudai kuwa ni shamba lake. Na hata shamba likiwapo, ardhi nyingi ya huko ni ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka usimamizi wake mikononi mwa halmashauri ya kijiji, ikiwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Hati iliyoandikwa na muuzaji na kugongwa mhuri wa kampuni yake haichukui nafasi ya ofisi ya kijiji. Mnunuzi afike mwenyewe, au amtume ndugu anayemwamini, aione mipaka, azungumze na majirani wa shamba na ofisa mtendaji wa kijiji.

*Mkopo wa simu.* Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo mtandaoni bila kibali chake, ikautahadharisha umma. Matangazo ya aina hii husisitiza wepesi: "Dakika tano, bila dhamana." Wepesi huo una gharama. Tukokotoe mfano. Mlaji anaomba shilingi 100,000. Programu inakata kwanza "ada ya huduma" shilingi 25,000, anapokea 75,000, na anatakiwa kurejesha 100,000 baada ya siku saba. Amelipa 25,000 kwa kutumia 75,000 wiki moja, yaani theluthi moja ya fedha aliyoipokea. Tangazo halikutaja riba hiyo, nalo halikudanganya: halikusema kitu. Aidha, wakati wa kusajiliwa programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu. Siku ya kuchelewa kulipa, ujumbe wa aibu unakwenda kwa mkwe, mwajiri na mchungaji. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii "kausha damu". Kabla ya kukopa, mlaji ahakikishe kwamba mkopeshaji amepewa leseni na Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya.

*Dawa ya kila maradhi.* Tangazo la dawa haliruhusiwi kutolewa kwa umma kiholela. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba husimamia jambo hilo, na kwa upande wa dawa za asili lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Hatari ya matangazo haya haipimwi kwa fedha. Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayeacha dawa za hospitali kwa sababu ya chupa aliyoiagiza mtandaoni anaweza kupoteza macho, figo au uhai. Tunasisitiza: tangazo lolote linalomwambia mgonjwa aache dawa alizoandikiwa na daktari lichukuliwe kuwa ni la hatari.

*Kulipwa kwa kutazama matangazo.* Mwanzoni mwa mwaka 2025 mpango ulioitwa LBL ulivuma katika mikoa mbalimbali nchini. Washiriki walitakiwa kuweka fedha, kisha waliahidiwa kulipwa kila siku kwa kutazama matangazo ya filamu simuni. Mamlaka zilitangaza kwamba mpango huo haukuwa na kibali, na watu kadhaa walikamatwa. Wasomaji wenye umri watakumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, ambako watu waliambiwa "wapande mbegu" za fedha na kuvuna baadaye. DECI haikuhitaji simu janja. Hila ni ile ile: waliotangulia hulipwa kwa fedha za waliofuata, mpaka wanaofuata wanapokwisha. Mtandao umeongeza kasi yake na kuipanulia uwanja.

6. Je, basi tusiamini tangazo lolote?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, lakini ikitumiwa bila kiasi huwaonea wengi. Mkulima wa mchele wa Kyela, mfuma vikapu wa Iringa, fundi wa Mafinga anayetengeneza milango, wote wana vitu vizuri ambavyo bila kutembezwa havitamfikia mnunuzi wa Dodoma au Zanzibar. Tangazo la simuni limewapa wafanyabiashara wadogo uwanja ambao zamani ulikuwa wa wenye uwezo wa kulipia redio na magazeti. Mlaji naye amefaidika: huweza kulinganisha bei za maduka kumi bila kupanda daladala.

Kwa sababu hiyo, lengo letu si kumfanya mlaji amshuku kila mtu. Mahali ambapo kila muuzaji hushukiwa, mwaminifu huumia kuliko tapeli, kwa kuwa tapeli hubadili jina akaendelea, na mwaminifu hana jina la pili. Mlaji anayepima kabla ya kununua humtetea muuzaji mwema pia. Muuzaji mwema hachukizwi na maswali. Ulizo la "duka lenu lipo wapi" kwake ni mwaliko. Kwa tapeli ni kero. Tofauti hiyo peke yake ni kipimo kizuri.

7. Hatua za kupima tangazo

1. *Tambua kwamba ni tangazo.* Katika Facebook, Instagram na Google, tangazo lililolipiwa huwa na alama ndogo iliyoandikwa "Sponsored". Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umepitishwa mikono mingi, na aliyekutumia huenda hamjui aliyeuandika. Kwamba umeletwa na shangazi hakuufanyi kuwa maneno ya shangazi.

2. *Tazama umri wa ukurasa.* Ukurasa wa biashara wa Facebook una sehemu inayoonyesha tarehe ulipoanzishwa na majina uliyopata kuyatumia. Ukurasa unaojiita kampuni ya miaka kumi lakini umefunguliwa mwezi uliopita, au uliokuwa ukiuza viatu na sasa unatoa mikopo, umejishuhudia wenyewe.

3. *Tafuta shahidi nje ya tangazo.* Usipige namba iliyo ndani ya tangazo ili kuhakiki tangazo hilo. Tafuta taasisi husika kwa njia nyingine: ofisi ya serikali, ofisa ugani, duka lenyewe, au mtu uliyemfahamu aliyenunua.

4. *Uliza muuzaji ni nani na yupo wapi.* Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao atoe maelezo sahihi kumhusu yeye na bidhaa yake. Asiyetaka kujitambulisha, usimpe fedha.

5. *Jumlisha bei yote.* Andika kwenye karatasi bei, usafiri, ada na riba. Linganisha jumla hiyo na ya duka la jirani.

6. *Lala na uamuzi.* Kwa kitu chochote cha gharama, ngoja usiku mmoja. Mweleze mtu mmoja wa nyumbani unachotaka kufanya. Jambo lisilovumilia usiku mmoja wala sikio la mke, mume au mzazi, mara nyingi halina kheri.

7. *Lipa baada ya kupokea inapowezekana.* Ikibidi kutanguliza fedha, lipa kwa namba ya biashara yenye jina linalolingana na la duka. Fedha inayotakiwa kutumwa kwa namba binafsi yenye jina tofauti isitumwe.

8. Ukishadhulumiwa

Wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya wao ndio mtaji wa tapeli kwa mtu wa pili. Aliyedhulumiwa si mjinga. Amekutana na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Afanye yafuatayo, na mapema.

Ikiwa fedha imetumwa kwa simu, apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake, namba 100, aombe muamala uzuiwe. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Ujumbe wa utapeli aupeleke namba 15040 na kufuata maelekezo. Kwa kupiga *106# ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akakuta nyingine asizozijua.

Asifute kitu. Apige picha ya skrini ya tangazo, mazungumzo, namba na muamala, kwa kuwa tangazo huondolewa haraka. Kwa ushahidi huo afike kituo cha polisi. Udanganyifu kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ikiwa muuzaji yupo ila alitoa maelezo ya uongo juu ya ubora, bei au asili ya bidhaa, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara. Tume hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zina ofisi za kanda Mbeya. Programu ya mkopo inayotangaza deni la mtu kwa ndugu zake ishtakiwe pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa kila mtu haki ya kumtaka anayetumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara aache kufanya hivyo.

9. Muhtasari

Tangazo la mtandaoni huletwa kwa mlaji kwa sababu limelipiwa na kwa sababu yeye amechaguliwa. Sababu hizo mbili hazisemi lolote juu ya ubora wa bidhaa. Lisikilizwe kama msemaji wa upande mmoja. Ukweli wake uthibitishwe na kitu kilichoonekana, mtu anayejulikana, au ofisi yenye mamlaka.

10. Maswali ya kujipima

Yajibuni nyumbani, katika kikundi cha kuweka na kukopa, au darasani.

1. Chukua simu yako na utafute matangazo matatu yaliyolipiwa. Kwa kila moja, eleza ni kitu gani ulichokifanya mtandaoni ambacho huenda kimelileta kwako.

2. Tangazo linasema: "Mbegu bora za viazi, gunia 60,000, zimebaki gunia tano, tuma fedha sasa tukuwekee." Ni maneno gani yanashawishi, na ni yapi yanarubuni? Ungeuliza nini kabla ya kulipa?

3. Programu inakupa mkopo wa shilingi 200,000, inakata ada ya 40,000, na inataka urejeshe 200,000 baada ya siku 14. Umelipa sehemu gani ya fedha uliyoipokea?

4. Jirani yako amedanganywa na anaona aibu kusema. Utamwambia nini, na mtaanzia wapi?